Madoa au mandhari?
Dada, umeuliza kwa nini wachoraji wa mandhari siku hizi "wanapaka madoa tu". Ulisimama karibu mno! Rudi nyuma hatua tano, sita hivi, na madoa yale yatageuka vumbi la Magadi au ukungu wa Limuru. Kwenye maonyesho ya pamoja mimi huanza na upeo wa macho: aliyeushusha anachora anga, aliyeupandisha anachora udongo. Kitone chekundu kando ya picha maana yake imeshauzwa, usijisumbue kuuliza bei. Na ukiwa mjini pitia Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, zamani ofisi ya PC, yaani mkuu wa mkoa. Mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa Kenya, umo humo, nasi twapita nje tukikimbilia matatu.