Komiki za zamani zenye mashujaa kibao: angalia ndani kwanza, kava baadae

Wengi wakianza kukusanya komiki za zamani wanakimbilia kava, wakimwona shujaa wanayemjua basi roho inawadunda na hela inatoka. Kwa komiki ya shujaa mmoja sawa, ila hizi ninazopenda mimi, zenye hadithi tatu nne za watu tofauti kwenye toleo moja, kava linaweza kukupitisha mbali kabisa na mali yenyewe.

Chukua Strange Tales namba 110 ya 1963. Juu ni Human Torch anapambana, Doctor Strange humuoni kabisa, lakini huko ndani kuna kihadithi cha kurasa 5 tu na ndo alikoanzia, na hizo kurasa 5 ndo zinafanya toleo zima ligombaniwe. Detective Comics 225 ya Novemba 1955 ni hivyo hivyo, kava ni Batman, ndani ndo anatokea Martian Manhunter kwa mara ya kwanza. Na More Fun Comics 73 ya 1941 imepitiliza, kava kapewa Doctor Fate halafu ndani Aquaman na Green Arrow wanaanza wote kwa mpigo! Kwa hiyo tengeneza orodha ya nani alianzia wapi, iweke kwenye simu, tembea nayo. Kuna wauzaji wanapanga bei kwa kuangalia kava tu, hapo wewe unalipa kimya kimya unaondoka.

Kuhusu zile bei za kwenye habari, tulia. Action Comics namba 1 ya Juni 1938, ambayo nayo ilikuwa ya mchanganyiko, Superman yumo na mwanamazingaombwe Zatara na wengine, iliuzwa senti 10 ilipotoka na mwaka 2024 nakala moja ikaenda dola milioni 6 mnadani Marekani. Amazing Fantasy 15 ya Agosti 1962, ya Spider-Man, ilifika milioni 3.6 mwaka 2021. Ila hiyo ya Spider-Man ilikuwa gredi 9.6 kati ya 10, yaani karibu kama imetoka kiwandani jana. Watoto walizisoma mpaka zikachanika, na zile za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na za wakati wa vita nyingi zilikusanywa zikarudishwa viwandani kama karatasi chakavu, ndo maana zilizopona zikiwa safi ni chache mno. Nakala yako iliyochoka usiipigie hesabu kwa bei ya hiyo.

Sasa ukiwa nayo mkononi. Iweke juu ya meza, usiikunje nyuma, fungua taratibu huku kiganja kimeshika mgongo kwa chini, na hesabu kurasa. Za miaka ya 60 kwa kawaida zina kurasa 32 bila kava, yaani karatasi 8 zimekunjwa katikati na kubanwa na pini mbili, kila karatasi inabeba kurasa 4. Maana yake ukurasa ukichanwa huku mbele, mwenzake wa huko nyuma unabaki unaning'inia, ukiuvuta kidogo unakuja. Ukiona ukurasa uliolegea peke yake kaa chonjo, tafuta nusu yake iko wapi, maana huenda hadithi ya kwanza imekamilika safi kabisa na kilichopungua ni hadithi ya pili, na ya pili ndo uliyoifuata. Kuponi nazo ziangalie, watoto walikata tangazo ili walitume kwa posta na upande wa pili wa tangazo kulikuwa na picha za hadithi. Tundu dogo tu la mkasi na bei inaporomoka.

Pini zenye kutu, kingo zilizopigwa kahawia, karatasi inayovunjika kama biskuti ukiigusa, hivyo vyote punguza bei bila aibu. Kava lililopakwa rangi kuficha mikunjo ni baya zaidi, tochi ya UV inasaidia kulikamata. Kwa zile zilizopimwa na CGC, kampuni inayozipa komiki gredi, angalia lebo, ya bluu ni ya kawaida, ya zambarau ina maana imefanyiwa ukarabati.

Halafu marudio. Mwaka 1974 DC, kampuni iliyotoa komiki za Superman, walichapa upya Action Comics namba 1 kwa umbo kubwa, ina kava la nje lenye jina la mfululizo wa marudio, watu wakilitoa linabaki kava linalofanana na la asili. Kipimo ndo kinaiumbua, ni kubwa sana kuliko komiki ya 1938. Soma pia yale maandishi madogo ya mwanzoni yenye mwezi na mwaka, wengi hawayasomi na sijui kwa nini.

Kama mfuko ni mwembamba, anza na Tales of Suspense kuanzia 59 mpaka 99. Marvel, kampuni iliyozitoa, walikuwa wanasambaziwa na kampuni ya wapinzani wao DC na idadi ya majina waliyoweza kutoa ilibanwa, basi wakawabananisha Iron Man na Captain America kwenye toleo moja, mpaka 1968 walipoachiwa na namba 100 ikawa ya Captain America peke yake. Namba za katikati zisizo na mhusika mpya hazina vita kubwa na zinasomeka raha, tena zile zilizochoka kidogo, mimi hizo ndo nazifungua na kuzisoma kweli. Zilizo safi zinaingia kwenye mfuko wa Mylar, yaani plastiki angavu ya kuhifadhia, na kadibodi isiyo na asidi, zinasimamishwa wima kwenye boksi, mbali na jua na unyevu. Na usitie selotepu hata kama kava limeachia, liache hivyo hivyo lilivyo.