Sura ya pili imerudishwa tena: pengo la utafiti linapatikanaje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nasoma stashahada hapa Kigoma. Utafiti wangu unahusu athari za kufungwa kwa Ziwa Tanganyika, yaani kusimamishwa kwa uvuvi kwa muda, kwa wananchi wa Kigoma. Msimamizi amenirudishia sura ya pili, ile ya mapitio ya machapisho, kwa mara ya tatu, pembeni kaandika: “Hii ni orodha, si mapitio. Pengo liko wapi?” Kila chapisho nililosoma nimelieleza. Nikaongeza kwamba hakuna aliyewahi kufanya utafiti huu Kigoma, bado akakataa. Kipimo cha kunakili nacho kinasema asilimia 38 ya maandishi yangu yanafanana na ya wengine. Na je, sampuli ya watu 100 inatosha? Nimechoka, natamani kubadili mada.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mada usiibadili, ni nzuri, nawe unaishi pale pale jambo linapotokea. Shida ni kwamba waandishi wako wamepanga foleni: kila mmoja anasema lake na kuondoka. Mapitio huanza pale unapowakutanisha, na pengo ni lile swali ambalo mjadala wao umeliacha bila jibu.

Tuchukue ziwa lako mwenyewe. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha katika jarida la Nature kwamba joto limeongezeka na upepo umepungua, hivyo virutubisho vya maji ya chini havipandi juu kama zamani. Walikadiria kuwa uzalishaji wa vimea vidogo vya kijani vinavyolisha ziwa umeshuka kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza samaki kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2006 Jouko Sarvala na wenzake wakaja na hoja nyingine: mabadiliko ya samaki wanaovuliwa yanatokana zaidi na namna watu wanavyovua kuliko hali ya hewa. Ukiwapa aya mojamoja, O'Reilly alisema hivi, Sarvala alisema vile, msimamizi ataandika neno lilelile pembeni. Jaribu hivi:

“Watafiti wanatofautiana kuhusu kinachobadilisha mavuno ya Ziwa Tanganyika. O'Reilly na wenzake (2003) wanakiona katika maji yaliyopata joto. Sarvala na wenzake (2006) wanakiona katika uvuvi wenyewe. Tofauti hii ina uzito kwa sera, kwa sababu kufunga ziwa kunaweza kudhibiti uvuvi lakini hakuwezi kupoza maji. Hata hivyo, pande zote mbili zinamtazama samaki. Kipato cha anayemnunua mwaloni (ufukweni samaki wanaposhushwa), akamwanika na kumuuza, hakimo katika mjadala huu.”

Sentensi ya mwisho ndiyo mlango wa pengo lako. Umeona imetoka wapi? Imetoka ndani ya ubishi wao. Kusema “hakuna aliyefanya Kigoma” hakutoshi, kwa sababu msimamizi atakuuliza: Kigoma kuna nini cha kubadilisha jibu? Na kipo. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku, na mbalamwezi ikikolea wavuvi hupumzika. Kaya za mwaloni zimezoea kukaa siku kadhaa kila mwezi bila mavuno. Mazoea hayo yaliwasaidia vipi ziwa lilipofungwa miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024? Hilo ni swali la Kigoma kwelikweli.

Basi na kichwa cha utafiti ukipunguze. “Wananchi wa Kigoma” ni watu wengi mno. Chukua kina mama wanaoanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi, uulize walipata wapi fedha katika miezi hiyo. Kisha tafuta machapisho ya kwingine walikofunga uvuvi kwa muda, kwa mfano Andavadoaka, Madagascar, walikoanza kufunga maeneo ya pweza mwaka 2004. Ukiyalinganisha na hali ya dagaa, sura itajaa yenyewe.

Ile asilimia 38 haitashuka kwa kubadili neno moja moja na kuacha sentensi ileile ya mwandishi. Huko bado ni kunakili, na mimi naliona ni kosa kubwa kuliko Kiingereza kibovu. Soma chapisho, lifunge, mweleze mwenzako wa chumbani kwa Kiswahili lilisema nini na wewe unalionaje. Andika maelezo hayo, halafu ndipo uyapeleke kwenye Kiingereza cha ripoti. Najua wengi wenu mnaelewa vizuri mnachosoma, ila lugha ya ripoti inawabana hadi mnaazima sentensi nzima. Jina la mwandishi na mwaka viandike hata pale maneno yanapokuwa yako.

Kuhusu sampuli, 100 si jibu mpaka ujue jumla yao. Kwa kanuni ya Yamane ya kukadiria ukubwa wa sampuli, unalizidisha kosa unalokubali kwa lenyewe, unazidisha kwa jumla ya watu, unaongeza moja, kisha unagawa jumla ya watu kwa jibu hilo. Waanikaji wakiwa 240 na kosa 0.05, ni 240 gawa kwa 1.6, yaani 150. Ila kama unataka masimulizi ya kina na si takwimu, kanuni hiyo haikuhusu. Utahoji watu wachache kwa muda mrefu, mpaka majibu yaanze kujirudia.

Usiandike sura nzima upya kwanza. Andika aya moja ya namna ile niliyokuonyesha, umpelekee msimamizi wiki hii pamoja na kichwa kipya, umwombe dakika kumi.