Kabla hujasema A ni sawa na T, uliza nyuzi ni ngapi

Swali lenyewe huonekana jepesi: molekuli ya DNA ina jozi 2,000 za besi (adenini, A; thaimini, T; guanini, G; saitosini, C), adenini ni 18%, tafuta idadi ya guanini. Wengi huandika 640. Kanuni ya Chargaff, kwamba A ni sawa na T kwa idadi na G ni sawa na C kwa kuwa huoana, wanaijua vizuri tu; kilichowaponza ni kusoma "jozi" wakaelewa "besi".

Jozi 2,000 ni besi 4,000. A ikiwa 18%, T nayo ni 18%. Inabaki 64%, ambayo G na C wanagawana nusu kwa nusu, 32% kila mmoja. Guanini ni 1,280. Ukiulizwa na bondi za haidrojeni, rudi kwenye jozi: 720 za A na T zina bondi mbili mbili, yaani 1,440, 1,280 za G na C zina tatu tatu, yaani 3,840. Jumla 5,280.

Hesabu hiyo inakubali kwa DNA ya nyuzi mbili, tena zikihesabiwa pamoja. Uzi mmoja unaweza kuwa na A 30% na T 20%. Mwenzake atakuwa na A 20% na T 30%. Kirusi phiX174, kinachoshambulia bakteria, hubeba DNA ya uzi mmoja: T karibu 31%, A karibu 24%. Ukikuta takwimu za namna hiyo usizilazimishe zilingane. Sema ni uzi mmoja, umemaliza.

Kwamba A haioani na G ni rahisi kueleza: zote zina pete mbili, na DNA yenye upana wa nanomita 2 hivi ingevimba mahali hapo. Je, A na C? Upana unatosha kabisa. Tatizo ni kwamba panapotakiwa mtoaji na mpokeaji wa haidrojeni, hukutana watoaji wawili au wapokeaji wawili. Madaftari mengi huishia kwenye upana tu, na hilo ni jibu nusu.

Mwelekeo nao huponza: kila uzi una ncha ya 5' na ncha ya 3', na nyuzi mbili zilizooana huelekea kinyume. Uzi wa 5'-ATGGCCTAA-3' mwenzake ni 3'-TACCGGATT-5'. Ukiagiza praima (kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili) ya PCR, mbinu ya kunakili DNA kwa mashine, andika kuanzia 5': TTAGGCCAT. Ukituma TACCGGATT bila alama, utaletewa kitu kisichoshika popote.

Kwa praima fupi, zisizozidi besi 20 hivi, kadiria joto la kuachana, yaani ambalo praima huachia uzi iliyoushika, kwa kuhesabu digrii 2 kwa kila A au T na 4 kwa kila G au C. Praima ya besi 18 yenye G na C 12 hufika 60. Ikiwa nazo 6 tu, ni 48. Wanaofanya kazi na kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, wanaijua adha ya joto dogo namna hiyo: G na C katika jenomu yake ni karibu 19% tu. Hapo refusha praima, na usiipandishe mashine joto kwa mazoea ya DNA ya binadamu.