Mwanangu, vidole vyangu bado viko njiani

Marahaba mama. Voisi noti yako nimeisikiliza mara mbili. Unauliza, kama mshipa wa fahamu walishaushona tangu Machi, iweje mpaka leo baba hahisi vidole, au tudai hela yetu? Naandika kwa mkono wa kushoto kwa hiyo usinisahihishe, na hela usidai bado. Wa kulaumu ni wale wa zahanati ya kwanza, bati liliponikata mkono walishona ngozi tu wakaniambia nenda nyumbani mzee utapona, kumbe chini lilikuwa limeshakata mshipa. Walionifanyia operesheni wiki iliyofuata kazi yao waliifanya.

Wewe unadhani kidole kina neva zake, ziko palepale kidoleni, zikishonwa basi. Sivyo. Seli inayoleta habari za ncha ya kidole cha shahada, sehemu yake yenye kiini iko huku shingoni, pembeni ya uti wa mgongo. Kutoka hapo inatoa mkia mmoja mwembamba kuliko unywele, unaitwa aksoni, unashuka begani, unapita kiwikoni mpaka kwenye ncha ya kidole, na yote hiyo ni seli MOJA mama. Ya dole gumba la mguu inapita mita moja. Ndo maana wenye sukari ganzi huwaanza miguuni, mikia mirefu inaumia kwanza. Huo mshipa aliouona daktari una mikia ya hivyo maelfu ndani yake, na hawezi kushona mmoja mmoja, anachoshona ni ganda la nje tu, mdomo kwa mdomo.

Sasa mkia ukikatwa, kipande kilichotengana na kiini kinakufa chote mpaka nchani, maana riziki yake inatoka kule shingoni. Augustus Waller, Mwingereza, alilionyesha hilo mwaka 1850 kwa neva za ulimi wa chura. Kinachobaki hai ni seli za Schwann, zile zilizokuwa zimejizungusha kwenye mkia kama khanga kiunoni, raundi na raundi. Hizo zinasaidia kusafisha mabaki, afu zinajipanga kama bomba, na mkia mpya unaota kutoka kwenye kidonda ukifuata hilo bomba. Milimita 1 kwa siku, basi. Na mwanzoni mwezi mmoja hivi unapotea bure kabla mkia haujaanza kutembea. Nilichukua futi ya cherehani ya mama yako, kutoka kwenye kovu mpaka nchani sentimita 17, piga hesabu mwenyewe si ndo kazi yako. Kwenye ubongo na uti wa mgongo hata huo mwendo wa konokono haupo, seli za kuzungushia kule ni za aina nyingine na mkia ukikatika hauoti tena wa maana.

Mjomba wako anasema neva ni waya wa umeme tu. Nimebishana nae sana. Habari ikipita kwenye neva hakuna chaji inayokimbia toka mkononi hadi shingoni, ni chaji za sodiamu zinaingia ndani ya mkia, za potasiamu zinatoka, kipande hiki kikishtuka kinashtua jirani yake, kama mashabiki Uwanja wa Mkapa wakisimama na kukaa, wimbi linazunguka ila hakuna aliyehama kiti. Penye khanga nzuri wimbi linaruka vituo kama mwendokasi, mpaka mita 120 kwa sekunde. Habari za maumivu ya kuchoma nyingi zinapanda mikia isiyo na khanga, mita 1 hivi kwa sekunde, daladala kabisa. Ukijikwaa si unajua kwanza umegonga, afu maumivu ndo yanafika?

Juzi nimeshika sufuria ya chai iliyotoka jikoni, nimetulia kabisa naongea, mama yako ndo kasikia harufu akapiga kelele. Malengelenge mawili. Kawaida mkono unajivuta wenyewe, amri inatoka kwenye uti wa mgongo hata ubongo haujapata taarifa, ila yangu habari haikufika hata kwenye kovu. Kwa hiyo ukipata glavu nene za jikoni huko Mwanza nitumie.

Na usishangae nikipona ukigusa shahada nikasema ni cha kati, mikia mingine inaingia bomba lisilo lake.

Ila inatembea. Kila jioni nagonga kwa kidole kuanzia kwenye kovu kushuka, panapofika ncha ya mkia mpya napigwa shoti kidogo inayokimbilia vidoleni. Leo siku ya 101 tangu operesheni, shoti iko sentimita 7 toka kwenye kovu, katikati ya kiganja, mama yako kaweka alama ya kalamu ya wino na kanikataza kunawa kwa nguvu. Ukija Nane Nane beba futi yako, ya kwake imeanza kufutika namba.

Baba