Kadari: neno lilikotoka na linavyotumika

SWALI: Assalaam alaikum ustadhi. Mdogo wangu ameanguka na pikipiki akaumia kichwa. Hakuwa amevaa helmeti. Kila anayekuja kumjulia hali anasema "ni kadari ya Mungu", na mjadala unaishia hapo. Neno hili limetoka wapi? Je, linamaanisha binadamu hana hiari?

JIBU: Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Mwenyezi Mungu amponye mdogo wako.

Kadari ni neno la Kiarabu, qadar, na mzizi wake una maana mbili: kupima na kuweza. Kiswahili kilizichukua zote. Waziri anaposoma makadirio ya bajeti, anatumia ile ya kupima. Tunaposema "kudura za Mwenyezi Mungu", tunatumia ile ya kuweza. Katika Sura ya 54, aya ya 49, Qur'ani inasema kila kitu kimeumbwa kwa kipimo. Katika Sura Yasin, mwezi umekadiriwa vituo vyake mpaka unarudi mwembamba kama karara kongwe la mtende. Kwa hiyo maana ya msingi ya neno hili ni mpangilio wa Mwenye uwezo.

Qadhaa, ambalo mara nyingi hutajwa pamoja nalo, lina mzizi mwingine, wa kuhukumu na kukamilisha. Kadhi ametoka humo.

Swali lako la hiari ni la zamani sana. Sahihi Muslim, mkusanyo mashuhuri wa hadithi za Mtume, katika hadithi ya mwanzo ya Kitabu cha Imani, inaeleza kwamba wa kwanza kuizungumza kadari mjini Basra alikuwa Ma'bad al-Juhani. Wenzake walidai kwamba hakuna kadari, mambo huanza upya tu, bila kupangwa kabla. Watu wawili wakasafiri kwenda Makka, wakampata Abdullah bin Umar, sahaba wa Mtume, na kumuuliza. Akawajibu kwa hadithi ya malaika Jibrili alipomuuliza Mtume kuhusu imani, inayoitaja kadari, ya heri na ya shari, miongoni mwa nguzo za imani. Walioikana wakaja kuitwa Qadariyya; waliovutia upande wa pili, wakamfanya mtu hana hiari kabisa, wakaitwa Jabriyya. Ahlu Sunna wakasimama katikati: Mungu ndiye muumba wa vitendo vyetu, nasi ndio tunaovichuma, yaani tunavitenda kwa hiari yetu, na kuulizwa juu yake.

Kwangu mimi, anayelifafanua vizuri zaidi ni Umar bin Khattab, khalifa wa pili. Alikuwa njiani kwenda Sham (nchi za Syria na jirani zake), akafika mahali paitwapo Sargh na kupata habari kwamba tauni imezuka huko mbele. Baada ya kushauriana na watu akaamua kurudi. Abu Ubayda, kamanda wake huko Sham, akamuuliza, "Unaikimbia kadari ya Mungu?" Akajibu, "Ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu." Akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeshuka bondeni, upande mmoja una majani na mwingine mkavu: akilisha huku ni kadari, akilisha kule pia ni kadari. Kisha Abdurrahman bin Awf akaja na hadithi ya Mtume (s.a.w.): mkisikia tauni iko mahali msiende, na ikiwakuta mahali mlipo msitoke kwa kuikimbia.

Angalia na neno "ajali". Kwa Kiarabu ni muda uliowekwa, hasa wa kufa. Sisi tumelipa maana ya kugongana na kupinduka. Nadhani ndiyo sababu moja inayofanya uzembe wa barabarani uonekane kama jambo lisilo na mwenyewe.

Wanaokuja kumjulia hali mdogo wako hawakukosea kutaja kadari. Maneno yao yana msingi katika hadithi ya Abu Hurayra, pia katika Sahihi Muslim: likikupata jambo usiseme "lau ningefanya hivi", sema Mungu amekadiria, na alilotaka amelifanya. Lakini hadithi hiyohiyo hutanguliza amri tatu: pupia linalokunufaisha, omba msaada kwa Mungu, wala usilegee. Maneno ya kadari humliwaza aliyekwisha kupatwa. Kabla ya kupatwa, tumeamriwa kujitahidi, na helmeti imo humo. Basi mfariji mdogo wako kwa kadari, na siku atakapoomba funguo za pikipiki, mpe pamoja na helmeti.