Kusema na mtu, si kumsema mtu

Mwanangu,

Umeniuliza kama Jonathan Edwards, huyo mhubiri wa Amerika ya zamani mliyemsoma darasani, aliwapenda wale aliowahubiria moto wa jehanamu au alitaka tu kuwatia hofu. Ya moyoni mwake anayajua Mungu. Mimi najiuliza alikuwa akisema na nani. Nimewaambia tangu mkiwa wadogo: mahubiri ni kusema na mtu, si kumsema mtu.

Hapo Wapuritani, wale Waprotestanti wa Uingereza waliotaka kulitakasa kanisa na ambao Edwards alirithi mahubiri yao, walikuwa mafundi. William Perkins, Mwingereza aliyewafundisha wengi wao, alitaka mhubiri asome andiko, aeleze maana yake, atoe fundisho, kisha alishushe kwenye maisha ya walioketi mbele yake, kwa maneno ya kawaida, bila kujionyesha kwa Kilatini. Edwards alikuja zaidi ya miaka mia baadaye, lakini ufundi ni uleule. Tarehe 8 Julai 1741, pale Enfield, mji wa Amerika, alichukua kipande cha Kumbukumbu la Torati 32:35, kile cha miguu itakayoteleza, akawaambia kila mmoja: wewe, Mungu amekushika juu ya shimo la moto kama mtu anavyomshika buibui. Watu wakapiga mayowe, wakauliza wafanye nini waokoke, hadi ikambidi akatize. Mchungaji Stephen Williams alikuwepo, akaandika hayo kwenye shajara yake. Aliandika pia kwamba watu walipotulia waliomba, kisha wachungaji wakateremka mimbarini wakazungumza na watu.

Wakateremka, mwanangu. Hapo ndipo nilipofunga kitabu.

Maana siku tuliyomzika mjomba wako hakuna aliyeteremka. Unakumbuka, wewe ndiye uliyemshika bibi mkono. Yule mhubiri alishika kipaza sauti akasema huyu aliyelala hapa aliitwa akakataa, akachagua chupa, na sasa anajua alichochagua. Marehemu hakuweza kujibu. Aliyekuwa akisikia ni mama yake, ameuma ncha ya kanga asitoe sauti. Baada ya baraka mhubiri akapanda gari akaondoka, hata pole hakumpa. Miaka yote hii, nikilifikiria, kifua kinanibana.

Utaniambia alikuwa akisema na sisi tuliobaki. Nimeliwaza sana hilo. Jirani yetu wa nyumba ya juu, aliyekuwa akinywa na mjomba wako, aliacha pombe wiki ileile na hajaigusa tena. Mkewe anasema ni yale maneno ya makaburini. Siwezi kumwambia mama yule kwamba maneno yaliyomrudishia mume yalikuwa mabaya. Lakini bibi yako je? Na pale Enfield, mahubiri yaliyoandikwa, yakikaribia mwisho, yanamtaja Kristo aliyefungua wazi mlango wa rehema. Kama Edwards alikatiza katikati, huenda wengi waliulilia moto tu, mlango hawakuusikia. Au waliusikia baadaye, kwa wale walioshuka kukaa nao. Mahubiri ni kusema na mtu. Pengine siku ile yalianza hasa walipoteremka.

Kwa hiyo sitakuambia kama Edwards alikuwa mkatili, ingawa ulimi unaniwasha. Hukumu iandike wewe kwenye insha yako. Ila usiniambie umeimaliza kama hukuwataja walioteremka.

Mama yako