Maswali ya Wasomaji: Nahudhuria Mikutano ya Teknolojia Mwanza, Lakini Sipati Wateja

SWALI: Ndugu Mhariri, natengeneza tovuti nikiwa peke yangu nyumbani Nyegezi, na wateja wangu ni shule, nyumba za wageni na wafanyabiashara wachache wa samaki. Nimekuwa nikihudhuria mikutano ya jioni ya watu wa teknolojia hapa mjini. Nalipa nauli, nasikiliza mada, nagawa kadi zangu, kisha narudi na kadi za wenzangu ambao nao wanatengeneza tovuti. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa kazi. Je, niendelee kwenda, au jioni hizo nizitumie kufanya kazi? – Msomaji wa Nyegezi.

JIBU: Ndugu msomaji, endelea kwenda, lakini badilisha kile unachokifuata huko. Mchuuzi wa dagaa anayefika mwaloni Kirumba alfajiri hawauzii wachuuzi wenzake. Hata hivyo, kwao ndiko anakojua bei ya siku hiyo, mzigo upi umekaushwa vibaya, na mnunuzi yupi huchelewesha malipo. Mkutano wa watu wa fani yako una faida ya namna hiyohiyo. Ukiingia ukiwa na kadi mkononi na hamu ya kuuza, utawakuta wenzako nao wana kadi na hamu ileile, na jioni itakwisha bila yeyote kujifunza kitu.

Badala ya kadi, nenda na tatizo. Chukua tovuti uliyoitengeneza ambayo inakusumbua, ifungue kwenye simu yako, kisha umwombe mtu aliyeketi karibu nawe aitumie huku wewe ukinyamaza. Unaweza kugundua kwamba ukurasa wa nyumba ya wageni, unaofunguka upesi kwenye kompyuta yako, unachukua muda mrefu kwenye simu ya bei nafuu kwa sababu picha za vyumba zimepakiwa zikiwa na ukubwa uleule zilivyotoka kwenye kamera, na kila mgeni anazilipia kwa bando lake. Unaweza pia kuambiwa kwamba maandishi ya kijivu uliyoyapenda hayasomeki juani. Mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zifikiwe na watu wote, unaojulikana kwa kifupi kama WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi iliyo nyuma yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na anayesoma bei ya sangara akiwa amesimama ufukweni saa saba mchana anauhitaji uwiano huo kuliko mtu yeyote. Mambo haya yameandikwa na yanapatikana, lakini mtu anayefanya kazi peke yake huwa hayatafuti mpaka mwenzake amwonyeshe.

Yapo pia yale ambayo hayaandikwi popote, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kubwa zaidi. Waulize wenzako kuhusu malipo ya awali, kuhusu mteja anayeongeza kurasa baada ya bei kukubaliwa, na kuhusu jina la tovuti linasajiliwa kwa nani. Hili la mwisho nalisisitiza, kwa kuwa limeharibu uhusiano mwingi: fundi anasajili jina kwa jina lake mwenyewe ili kuharakisha kazi, miaka inapita, wanakosana au fundi anahamia mji mwingine, na shule inajikuta haina mamlaka juu ya anwani iliyochapishwa kwenye kila barua yake. Jina lisajiliwe kwa mteja, na mteja akabidhiwe nywila zake kwa maandishi.

Usiketi na watengenezaji wa tovuti peke yao. Mhasibu, mwanasheria au mtu wa benki aliyekuja kusikiliza tu anaweza kukufaa kuliko mzungumzaji mkuu. Mfano ni Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Fomu uliyoiweka kwenye tovuti ya shule, inayoomba jina la mtoto na namba ya simu ya mzazi, inakusanya taarifa binafsi, na shule hiyo ina wajibu wa kisheria, ukiwemo wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Fundi anayelijua hili anamshauri mteja wake mapema, na mteja aliyeshauriwa vizuri humtaja fundi huyo kwa wengine.

Kuhusu kazi zenyewe, mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba, miongoni mwa watu aliowahoji waliopata ajira kwa kupashwa habari na mtu, wengi walipashwa na watu waliokuwa wakionana nao mara chache, wala si marafiki wa karibu. Rafiki zako wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali anasikia mengine. Kwa hiyo kesho yake mwandikie ujumbe mfupi yule uliyezungumza naye, mtumie ulichomwahidi, na usimwombe kazi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi, nasoma hapa Mwanza. Kwenye mikutano hii wengi ni wanaume na mada hutolewa kwa Kiingereza. Naelewa, ila naogopa kuuliza. Nifanyeje? – Msomaji wa Malimbe.

JIBU: Dada, uliza kwa Kiswahili. Ukumbi mzima unakielewa, na huenda wapo wengine wanaosubiri mtu aanze. Machi 1975, katika gereji moja huko Menlo Park, California, wapenzi wa kompyuta walikutana kwa mara ya kwanza katika kundi lililokuja kuitwa Homebrew Computer Club. Steve Wozniak, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya kompyuta ya Apple na kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa mwenye haya, alitoka hapo akiwa na wazo la mashine iliyokuja kuitwa Apple I, na michoro yake akawagawia wenzake bure. Hakuanza kwa kuhutubia. Alianza kwa kuonyesha alichokitengeneza.

Waombe waandaaji kazi ya kupokea wageni mlangoni, maana aliyeandika majina ya watu anakuwa ameshasalimiana na kila mmoja kabla mada haijaanza. Baada ya hapo omba dakika tano za kuonyesha kazi yako moja, hata kama haijakamilika, na umwalike mwanafunzi mwenzako wa kike muende pamoja. Waandaaji nao, kama wanasoma hapa, waanze mapema na wamalize mapema, kwa kuwa msichana anayerudi Malimbe usiku kwa bodaboda anafikiria usafiri wakati wengine wanafikiria maswali.